Shingo Iliuma, Chanzo Kilikuwa Kiti: Kisa cha Fiti ya Baiskeli ya Triathloni

Kazi yangu ni fiti, yaani kuipanga baiskeli ilingane na mwili wa anayeiendesha. Mwanariadha wa kisa hiki ana miaka 46. Ni mhasibu hapa Nairobi, mama wa watoto wawili, na alikuwa amejiandikisha kwa Ironman 70.3 ya Rwanda, mashindano yaliyoanza 2022 mjini Rubavu, kando ya Ziwa Kivu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21.1. Kwenye fomu ninayompa kila mtu kabla sijashika spana, aliandika malalamiko matatu: shingo inayokakamaa, goti la kushoto linalouma upande wa nje baada ya kilomita 60 hivi, na miguu inayogoma kukimbia akishuka kwenye baiskeli. Kulikuwa na la nne ambalo hakuliandika. Lilitoka tulipokuwa tumeshazungumza karibu saa nzima, na ndilo lililozaa mengine yote.

Ameniruhusu nisimulie kisa chake bila jina, kwa sharti kwamba hilo la nne nisilifunike. Anaamini wapo wanawake wengi wanaoteseka nalo kimya. Nami naamini hivyo, kwa sababu nawaona.

Baiskeli na mwili

Alikuja na baiskeli ya triathloni ya kaboni, mtumba kutoka Ulaya, imetunzwa vizuri. Fremu ni saizi 54. Yeye ana urefu wa sentimita 165, na mguu wake ukipimwa kwa ndani, kutoka kinenani hadi sakafuni bila viatu, ni sentimita 77. Kwa kimo hicho fremu ile ni kubwa, lakini kwenye mtumba unanunua kilichopo. Kranki, ile mikono inayobeba pedeli na kuzunguka ekseli iliyo chini ya fremu, zilikuwa za milimita 172.5, urefu wa kawaida kwa fremu ya saizi hiyo, na hakuna aliyewahi kujiuliza kama unamfaa. Duka moja lilikuwa limempandishia kiti "mpaka mguu unyooke vizuri." Baadaye duka hilohilo likaweka kipande cha kuinua chini ya kiatu cha kushoto kwa maelezo kwamba mguu huo ni mfupi kuliko wa kulia.

Huwa naanza na maswali kabla ya vipimo. Nilitaka kujua anaendesha wapi (Southern Bypass alfajiri siku za kazi, Magadi Road Jumamosi), anakaa ofisini saa ngapi, ameumia wapi zamani, alijifungua kwa njia gani. Kisha swali ambalo wengi hawalitarajii: katika saa mbili za baiskeli, ni dakika ngapi anakuwa amelala kwenye erobari, yaani ile mikono miwili inayochomoza mbele ya usukani ambayo mwendeshaji hulaza viwiko juu yake? Alifikiri kidogo. "Labda thuluthi. Inategemea siku."

Kwangu jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko kipimo chochote cha pembe. Kwenye barabara tambarare, ukishafika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako huishia kwenye kuipasua hewa, na kinachopambana na hewa hiyo zaidi ni mwili wako, baiskeli inafuata kwa mbali. Ndiyo maana baiskeli za triathloni zikatengenezwa hivyo zilivyo. Anayeketi wima kwa thuluthi mbili za safari juu ya baiskeli ya namna hii amepata uzito wake, ugumu wa kuiongoza kwenye kona na breki zilizo mbali na mikono, na faida yake hajaigusa.

Kitandani nilimpima urefu wa miguu kutoka mfupa wa mbele wa nyonga hadi kwenye kifundo. Haikuwa na tofauti ambayo ningethubutu kuiita tofauti. Nyonga zilikunjika vizuri, ya kulia ikikaza kidogo kabla ya ya kushoto. Misuli ya nyuma ya paja ilikuwa ya mtu anayekaa ofisini, si mibaya. Hakuna chochote mwilini kilichoeleza kwa nini mguu mmoja utendewe kama mfupi. Kile kipande cha kuinua kilikuwa kimewekwa kutibu kitu nisichokiona.

Halafu akapanda. Nilifunga baiskeli kwenye trena, stendi inayomwezesha mtu kuendesha akiwa palepale, nikambandika alama kwenye kifundo, goti, nyonga, bega, kiwiko na mkono, kamera pande zote mbili na moja nyuma. Sikurekodi mara moja. Kila mtu anakaa vizuri dakika 5 za kwanza akijua anatazamwa. Nilimwacha aendeshe kwa nguvu yake ya siku ya mashindano mpaka jasho likaanza kudondoka sakafuni, ndipo nikaanza kuangalia.

Picha ya nyuma ilisema mengi. Fupanyonga lilikuwa linayumba, likining'inia upande wa kulia. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti la kulia lilikuwa limekunjika nyuzi 27 na la kushoto 24. Kwa mtu anayepimwa akiwa katika mwendo, zote mbili ni chache mno: mguu unakaribia kunyooka kabisa, na wa kushoto zaidi, kwa sababu nyonga imeukimbia. Ndiyo maana duka likadhani ni mfupi. Na kila baada ya muda mfupi alifanya kitu ambacho nadhani hata mwenyewe hakuwa akikihisi tena: mikono inateleza kutoka kwenye erobari hadi usukani wa chini, makalio yananyanyuka kidogo, anarudi nyuma kwenye kiti, anakaa, anajikongoja tena mbele.

Aliposhuka nilikitazama kiti chenyewe. Kilikuwa kiti cha kawaida cha baiskeli ya barabarani, kirefu, chenye pua nyembamba. Upande wa kulia wa pua ile gamba lilikuwa limelika mpaka kitambaa cha chini kimeanza kuonekana. Upande wa kushoto ulikuwa bado na mng'ao wa kiwandani.

La nne

"Dada," nikamwuliza, "huko mbele ya kiti, unapokalia ukiwa umelala, kukoje?"

Alinyamaza, akatazama mlango kama umefungwa. "Nilidhani ndiyo ada ya mchezo wenyewe."

Ganzi ilikuwa inaanza baada ya dakika 40. Baada ya safari ndefu alikuwa anavimba shavu la uke upande wa kulia, na palikuwa na kidonda kilichopona na kurudi, kupona na kurudi. Kukojoa kulimchoma siku nzima baada ya Magadi. Hakuwa amemwambia mtu. Kocha wake ni kijana wa rika la mwanawe, mumewe alikwisha kusema baiskeli inamchosha, na wenzake wa kundi la Jumamosi wengi ni wanaume ambao mazungumzo yao kuhusu kiti huishia kwenye mzaha.

Siku hiyo hatukugusa baiskeli tena. Kidonda kilicho wazi kinadanganya fiti, kwa sababu mtu atachagua mkao wowote unaokikwepa. Nilimtuma kwa daktari wa wanawake, na tukakubaliana aogelee na kukimbia tu mpaka ngozi ipone. Ganzi isiyoisha saa chache baada ya kushuka, au kidonda kinachojirudia, si kazi ya fundi wa baiskeli peke yake. Alirudi na kibali cha daktari, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Ukikaa wima, uzito wako unabebwa na mifupa miwili ya makalio, ile unayoihisi ukikaa kwenye benchi la mbao. Viti vingi vinauzwa kwa kupima umbali kati ya mifupa hiyo. Ukilala kwenye erobari, fupanyonga linaviringika mbele, mifupa ile inanyanyuka, na uzito unahamia kwenye matawi ya mfupa wa kinena na nyama laini zilizo katikati. Pale msambani unapita mshipa wa fahamu wa pudenda pamoja na mishipa ya damu. Ukiubana dhidi ya pua nyembamba ya kiti kwa saa tatu, ganzi ni jawabu la kawaida kabisa la mwili. Kipimo cha mifupa ya makalio, ambacho duka lilikuwa limekitumia kumchagulia kile kiti, kilikuwa kimepima sehemu ambayo haikuwa inakalia chochote.

Mwaka 2008, watafiti wa NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, walichapisha matokeo ya polisi 90 wanaume wanaofanya doria kwa baiskeli, waliobadilishiwa viti vyao wakapewa visivyo na pua. Kabla ya hapo asilimia 27 tu walisema hawakupata ganzi katika miezi 6 iliyopita. Baada ya miezi 6 na viti vipya, asilimia hiyo ikafika 82. Ni wanaume, na polisi hawalali kwenye erobari, kwa hiyo siwezi kuihamisha namba ile nzima kwa mwanamke wa triathloni. Lakini inathibitisha jambo moja ambalo mteja wangu alihitaji kulisikia kutoka kwa mtu mwingine: ganzi si ada. Ni kiti.

Na hapo malalamiko yake yote yakajipanga kwa foleni. Upande wa kulia unauma, basi anauhamishia uzito upande wa kushoto na mwili unaning'inia kulia; paja la kulia linasugua pua ya kiti mpaka gamba linalika. Nyonga ikining'inia kulia, mguu wa kushoto unalazimika kuifukuza pedeli, goti linanyooka kupita kiasi, na ukanda wa nje wa paja unavutwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 80 kwa dakika, saa tatu, hiyo ni zaidi ya mara 14,000. Mbele ya kiti kukiuma, hawezi kuliachia fupanyonga liviringike. Analirudisha nyuma, mgongo unapinda upinde, na ili aone barabara inabidi ainue kichwa kwa kuivunja shingo. Wakati huo mikono inasukuma dhidi ya egemeo za viwiko kujizuia asiteleze mbele, kwa hiyo mabega nayo hayapumziki. Fundi angeweza kuanza na shingo, akainua usukani, akapunguza maumivu kwa wiki mbili, na kila kitu kingerudi.

Tulivyopanga upya

Tulianza na kiti, na hatukugusa kingine chochote mpaka kiti kikae. Tulijaribu kadhaa. Kilichomfaa ni kifupi, chenye pua iliyopasuliwa katikati, pana kiasi mbele, kilichoinamishwa nyuzi 2 kushuka. Ana uwezo wa kukalia ncha yake, matawi ya kinena yakabeba uzito kushoto na kulia, na katikati pakabaki hewa. Nilijua kimekubalika kwa kumtazama tu: aliacha kunyanyuka.

Kiti kikaenda mbele sana, mpaka ncha yake ikakaribia kuwa wima juu ya ekseli ya kranki. Kwa mwendeshaji wa barabarani hilo linaonekana kosa. Kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, kwa miaka mingi zilidai ncha ya kiti iwe angalau sentimita 5 nyuma ya ekseli; triathloni ya masafa marefu haifungwi na kanuni hiyo, na historia ya baiskeli zake imejengwa juu ya uhuru huo. Mwaka 1989 Mmarekani Dan Empfield, kupitia kampuni yake ya Quintana Roo, alitoa Superform, baiskeli iliyobuniwa kwa triathloni, bomba la kiti likiwa limesimama karibu wima ili mwendeshaji aweze kulala kwenye erobari bila kujikunja nyongani. Mwaka huohuo erobari zilijulikana dunia nzima Greg LeMond alipozitumia siku ya mwisho ya Tour de France, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, akamshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8 katika jumla ya mashindano yote. Watu waliona mikono iliyonyooshwa mbele wakaiga mikono. Empfield alielewa kwamba mikono ikienda mbele na chini, nyonga nazo lazima zifuate, la sivyo paja linagonga tumbo.

Kuna kanuni za zamani ambazo bado zinatumika kama dua. Hamley na Thomas, 1967: kutoka juu ya kiti hadi ekseli ya pedeli iliyo chini, asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani. Ya LeMond: zidisha urefu huo kwa 0.883, upate umbali kutoka ekseli ya kranki hadi juu ya kiti. Nyingine inadai goti liwe wima juu ya ekseli ya pedeli pale kranki inapolala sambamba na ardhi. Hiyo kwenye triathloni haina kazi kabisa, kwa sababu mtu aliyelala mbele goti lake litavuka pedeli, na linapaswa livuke. Mbili za kwanza nazitumia kama mahali pa kuanzia tu, nione kama mtu yuko karibu au mbali sana. Kiti chake kilikuwa milimita 690 kutoka ekseli, ukiongeza kranki ya 172.5 ni 862.5 hadi kwenye pedeli, asilimia 112 ya mguu wake. Alikuwa mbali.

Hapa kranki zikaingia. Martin na Spirduso walichapisha 2001 utafiti wa kranki za urefu wa milimita 120 hadi 220. Tofauti ya nguvu ya juu kabisa kati ya ile iliyofanya vizuri zaidi na iliyofanya vibaya zaidi ilikuwa asilimia 4 hivi, na zile za 145 na 170 zilikuwa juu pamoja. Maana yake ni kwamba kwa urefu tunaobishania sisi, nguvu haipotei. Hata Tadej Pogačar, bingwa wa Tour de France mwenye kimo cha sentimita 176, alihamia kranki za milimita 165 katika msimu wa 2024, na sote tuliona msimu ule ulivyomwendea. Lakini sababu yangu ya kuzifupisha haikuwa nguvu. Kranki ndefu humbana mtu aliyelala pale pedeli inapokuwa juu: goti linapanda karibu na kifua, nyonga inakunjwa, pumzi inabanwa.

Tuliweka za milimita 160. Tazama hesabu, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika kisa hiki. Kiti kilishuka kutoka 690 hadi 682, milimita 8 tu. Lakini pedeli ikiwa chini, umbali kutoka kitini ulipungua kutoka 862.5 hadi 842, zaidi ya sentimita 2, asilimia 109 ya mguu. Pedeli ikiwa juu, umbali uliongezeka kutoka 517.5 hadi 522. Kwa badiliko moja mguu ulipunguziwa kunyooka chini na ukapunguziwa kukunjika juu. Magoti yote mawili yalisomeka nyuzi 35 na 36. Fupanyonga likatulia. Kipande cha kuinua kiatu nilikitoa siku hiyohiyo, na picha ya nyuma haikuonyesha mguu mfupi wala mrefu. Kliti, kile kipande cha chini ya kiatu kinachonasa pedeli, nilizirudisha nyuma milimita 6 kwa sababu vidole vilikuwa vinawaka moto. Hilo lilikuwa jambo dogo na lilikwisha hapohapo.

Mbele ndiko tulikobishana. Nilitaka kuziinua egemeo za viwiko milimita 30 na kuzipanua kidogo. Akasema, kwa heshima lakini kwa kusisitiza, kwamba kila picha ya mabingwa anayoiona mtandaoni viwiko viko chini, na kwamba hakununua baiskeli ya mbio aendeshe kama anaenda sokoni. Nilimwelewa. Lakini picha ya bingwa inapigwa kwa sekunde moja, na bingwa yule ana miaka mingi ya kuuzoesha mwili wake mkao ule. Nikamwekea kwanza alivyotaka yeye, nikamwacha dakika 40. Kisha nikainua, nikamwacha dakika 40 nyingine, tukatazama picha mbili pamoja. Kwenye ya kwanza, kufikia mwisho, mabega yalikuwa yamepanda masikioni na kichwa kimesimama juu ya mgongo mzima, kinapigwa na upepo wote. Kwenye ya pili kiwiliwili kilikuwa kimenyanyuka nyuzi 3, lakini mabega yamelegea, kichwa kimezama kati yake, na pembe kati ya kifua na paja pedeli ikiwa juu imefunguka. Hakubishana tena.

Shingo ya usukani, kile kipande kinachounganisha usukani na fremu, ilikuwa ya milimita 110; tuliibadilisha kwa ya 80, kwa kuwa fremu ilikuwa inamvuta mbele. Mikono ya erobari tuliielekeza juu nyuzi 12 hivi ili viganja viwe juu ya viwiko. Hiyo inazuia kuteleza mbele, na mabega hayalazimiki kushikilia. Mwisho nikamwomba avae miwani anayoendeshea. Ukingo wake wa juu ulikuwa unakata barabara mbele yake, kwa hiyo alikuwa anainua kidevu zaidi ili atazame chini ya ukingo. Miwani isiyo na fremu juu ilimpunguzia shingo mzigo kwa bei ndogo kuliko kitu chochote kingine tulichofanya.

Baada ya hapo

Nilimwambia asitarajie kasi wiki ya kwanza. Misuli iliyozoea mkao mmoja kwa mwaka mzima inahitaji muda, na mtu anayetoka kwenye fiti akaenda moja kwa moja Magadi kilomita 100 anajitafutia jeraha jipya. Alianza na saa moja, akaongeza taratibu.

Baada ya wiki tatu alirudi na mambo mawili. La kwanza, msuli wa nyuma ya mkono wa juu ulikuwa unachoka. Nikasogeza egemeo nyuma milimita 10, kiwiko kikakaa karibu zaidi chini ya bega, likaisha. La pili aliniambia kabla sijamwuliza, na mlango ukiwa wazi: ganzi imekwisha, hakuna kidonda. Goti lilikuwa limenyamaza tangu wiki ya kwanza. Shingo ilikuwa bado inachoka kwenye safari za zaidi ya saa mbili, na nikampa mazoezi yake, kwa sababu shingo ya mtu anayetazama kompyuta saa nane kwa siku haitengenezwi na spana peke yake.

Kuhusu kukimbia, nilitaka kuona mwenyewe. Tulikutana Southern Bypass, akaendesha dakika 90, akashuka, akavaa raba, akakimbia. Kwenye baiskeli alikuwa amelala karibu muda wote, akiinuka kunywa maji na kwenye makutano tu. Kwenye kukimbia, hatua zake za kwanza zilikuwa fupi kama za kila mtu anayetoka kwenye baiskeli, lakini baada ya mita mia chache nyonga zilifunguka na akawa anakimbia kama mtu anayekimbia. Zamani, alisema, hali hiyo ilimchukua kilomita 4 au 5. Nyonga iliyokunjwa kwa saa tatu huchelewa kunyooka, na ile ya paja linalogonga tumbo huchelewa zaidi.

Kabla ya safari ya Rwanda nilimfundisha kuipakia baiskeli mwenyewe. Kwenye ndege kiti kinashushwa na erobari zinafunguliwa, na kazi ya wiki nyingi inaweza kupotea kwenye chumba cha hoteli usiku wa kuamkia mashindano. Alizungushia utepe mlingoti wa kiti pale unapoingia kwenye fremu, akachora alama za kalamu ya rangi kwenye erobari, akaandika vipimo kwenye karatasi aliyoigandisha ndani ya sanduku: 682 kutoka ekseli hadi juu ya kiti, na vingine vyote. Alibeba utepe wa kupimia na spana ya kipimo, kwa sababu bolti kwenye kaboni hukazwa kwa nyutoni-mita zilizochapishwa kwenye sehemu yenyewe, mara nyingi 5, na mkono wenye wasiwasi hukaza kupita hapo.

Rubavu alimaliza. Aliniandikia jioni ile kwamba alilala kwenye erobari kila mahali palipokuwa tambarare, milimani akaketi wima kama tulivyokubaliana, na kwamba kwa mara ya kwanza alianza kukimbia bila kuliwaza goti.

Fremu bado ni kubwa. Shingo ya usukani fupi pamoja na erobari zilizorudishwa nyuma zimefanya baiskeli igeuke haraka kuliko napenda kwenye mteremko, na kule Magadi miteremko ni mirefu. Kwa hiyo anatafuta nyingine, mtumba tena, na safari hii hatafuti saizi, kwa kuwa 50 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa kubwa kuliko 52 ya kingine. Tumeandika sehemu mbili ambazo mwili wake unagusa baiskeli kama umbali kutoka ekseli ya kranki: kiti milimita 682, egemeo za viwiko milimita 585 juu na 400 mbele. Akitumiwa picha ya baiskeli inayouzwa, ananitumia mimi jedwali la vipimo vya fremu hiyo, nami naangalia kama namba hizo zinafikika bila kuikata wala kuirefusha. Mbili ameshazikataa, moja ikiwa nzuri sana kwa macho.